Presha ilivyomuua Rais Roosevelt

Msomaji, kama unameza vidonge vya presha, soma habari za mkuu wa nchi ambaye hakuvipata.

Franklin Roosevelt alizaliwa Marekani mwaka 1882. Mwaka 1921 aliugua, miguu ikapooza, lakini mwaka 1933 alikuwa rais, naye akachaguliwa mara nne. Mwaka 1937 presha yake ilikuwa 162/98. Machi 1944 daktari wa moyo, Howard Bruenn, aliikuta imefika 186/108 na moyo umeanza kushindwa kazi. Alimpa dawa ya moyo, akampunguzia chumvi na sigara, akamtaka apumzike. Vidonge vizuri vya kushusha presha vilikuwa bado havijapatikana. Wananchi waliambiwa rais ni mzima. Tarehe 12 Aprili 1945, akiwa ameketi achorwe picha, alilalamika kichwa kinamuuma sana, akapoteza fahamu. Presha ilikuwa imepita 300. Alifariki siku hiyohiyo kwa kiharusi, akiwa na miaka 63.

Mwaka 1958 ndipo vidonge vya kukojoza, vinavyoshusha presha, vilipoanza kutumika. Leo wewe uliyeko Iguguno unaweza kuandikiwa dawa ambayo rais huyo hakuwa nayo. Lakini itakusaidia ukiitumia vizuri.

Meza kila siku, hata ukijisikia mzima, kwani presha mara nyingi haina dalili. Usisubiri vidonge viishe, hata wakati wa kuvuna alizeti. Usiache ghafla, hasa atenololi au propranololi. Moyo unaweza kudhurika. Amlodipini huweza kuvimbisha miguu, na enalaprili huweza kuleta kikohozi kikavu. Mweleze daktari akubadilishie, usijiachishe mwenyewe. Midomo, ulimi au uso ukivimba, wahi kituo cha afya mara moja.

Mama, ukiwa mjamzito au ukitarajia kushika mimba, sema mapema: enalaprili na losatani humdhuru mtoto tumboni, na zipo dawa nyingine. Kabla ya kununua diklofenaki ya maumivu ya mgongo, uliza kwanza, maana hupandisha presha na kuumiza figo.

Usimgawie jirani vidonge vyako. Viweke juu, mbali na watoto: kidonge kimoja tu cha amlodipini kinaweza kuhatarisha maisha ya mtoto mdogo. Akimeza, mkimbize hospitali na pakiti yake, usingoje dalili.