George Mukabi: Aliyelifanya Gita Kuwa Ngoma

Mtembea bure si sawa na mkaa bure, wamenena wahenga wetu, na mimi nimelishuhudia hilo Musanda. Mfungo mosi uliopita nilialikwa arusi huko, upande wa Mumias katika Kaunti ya Kakamega. Nilikwenda kula pilau na kuwapa mkono wenyeji, nikarudi na deni la zaidi ya miaka arubaini likiwa limenikaa kifuani. Wanaonidai ni wawili, na wote ni marehemu: ami yangu, na mpiga gita George Mukabi.

Kwetu sisi watu wa Pwani, Mumias si ugenini. Misafara ya biashara iliyotoka huku ilikuwa ikipiga kambi kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, tangu karne ya 19, na hadi leo adhana inasikika huko kati ya mashamba ya miwa. Nilipokewa kama ndugu, nikawekwa barazani na wazee.

Jioni ile, baada ya maulidi kwisha na watu kula, vijana waliingia na ngoma za sukuti. Ngoma hizi asili yake ni kwa Waisukha na Waidakho, na mnamo 2014 UNESCO iliziandika katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Huwa tatu, kubwa, ya kati na ndogo, nazo huitwa baba, mama na mtoto. Nilikaa karibu na fundi aliyezichonga, akanionyesha jinsi gogo linavyotobolewa, na jinsi ngozi inavyowambwa ikiwa mbichi ili ikikauka ijikaze yenyewe. Kwa desturi ngozi hiyo ni ya kenge. Mimi niliyezoea kuona ngozi ya mbuzi na ya ng'ombe nilistaajabu.

Sukuti zilipotulia akaja mzee mmoja na gita kuukuu, na nyuma yake mtoto aliyeshika chupa tupu ya Fanta, ile ya kale yenye mikunjo ubavuni. Mzee akaanza kudonoa nyuzi, na mtoto akaigonga na kuikwaruza chupa kwa kipande cha chuma. Hapo nikaduwaa. Nilizisikia zile zile ngoma tatu zilizonyamaza, baba, mama na mtoto, zikisema ndani ya gita moja. Na wimbo wenyewe niliujua. Ulikuwa Sengula Nakupenda, wimbo wa George Mukabi.

Niliujua kwa sababu ya ami yangu. Yeye alifanya kazi ya reli Nairobi siku za ujana wake, na aliporejea Mombasa alikuja na kinanda cha santuri pamoja na sanduku la santuri za kina Mukabi. Mimi wakati huo nilikuwa mtoto wa chuoni, nimeanza kutunga mashairi, na kichwa kimenijaa vina na mizani. Kila ami alipoiweka santuri ile nilicheka. Nilimwambia kuwa huyo mtu wa bara hajui Kiswahili, na kwamba ngeli zake zimekwenda mrama. Ami hakunijibu neno. Alingoja wimbo ukwishe, akaifuta santuri kwa kitambaa, akairudisha sandukuni. Alifariki kabla sijapata akili ya kumwomba radhi.

Basi, ndugu msomaji, huyo Mukabi alikuwa nani?

Alikuwa Mluhya wa Kisa, si mbali sana na Musanda, aliyezaliwa mnamo 1930. Alikulia katika nchi ambayo ngoma ya sukuti ndiyo inayomkaribisha mtoto duniani na ndiyo inayomsindikiza mtu kaburini. Gita lilikuwa kitu kigeni. Liliingia zaidi baada ya Vita Vikuu vya Pili, askari waliporudi makwao, na katika miaka ya 1950 zikafika santuri za Wakongo kama Mwenda Jean Bosco na Edouard Masengo, vijana wengi wakawaiga.

Mukabi hakutosheka na kuiga. Alilichukua gita, akalifundisha lugha ya kwao. Gumba lake lilishika nyuzi nene likawa ngoma kubwa, na kidole cha shahada kikazichezea nyuzi nyembamba kama ngoma ndogo inayodakiza. Kwa vidole hivyo viwili mtu mmoja alitosha kuwa kundi zima. Mtindo huo ukaitwa omutibo, na ile chupa ya soda ndiyo iliyokuwa mwenzake. Wengi waliofuata Magharibi ya Kenya walipita katika njia aliyoifyeka yeye.

Na Kiswahili chake? Aliimba kwa Kiluhya, na aliimba kwa Kiswahili cha watu waliokutana mjini na mashambani kutafuta riziki, Mluhya, Mjaluo, Mkamba na Mpwani, kila mmoja akiwa mbali na mamaye. Aliimba mambo ya nyumba, ya ndoa na ya mapenzi. Wimbo wake mmoja unaitwa Mtoto si Nguo. Hebu lipime jina hilo, wewe uliyelelewa kwa methali. Hata mshairi wa Lamu asingeona haya kulitungia beti.

Watu husafiri mbali kwenda Andalusi, kusini mwa Hispania, kusikiliza flamenko, ambapo mpigaji huligonga hata bao la gita kwa vidole na wenzake wakaitikia kwa makofi. Nchi hiyo Waislamu waliitawala kwa karne nyingi hadi Granada ilipoanguka mwaka 1492. Ziryab, bingwa wa udi kutoka Baghdad, alifika Córdoba mwaka 822, na Wazungu waliuchukua udi wetu pamoja na jina lake. Sisemi kuwa omutibo na flamenko ni ndugu wa damu. Nasema kwamba nyuzi husafiri, na kila zinapofika hungoja mtu wa kuzipa ulimi wa mahali pale. Kakamega mtu huyo alikuwa Mukabi.

Umri wake haukuwa mrefu. Mwaka 1963, mwaka ule ule Kenya iliopata uhuru, George Mukabi aliuawa katika ugomvi wa kinyumbani, akiwa na miaka kama 33. Aliyewaimbia watu mambo ya nyumba zao, mambo ya nyumba ndiyo yaliyomwondoa. Aliacha watoto wangali wadogo, na mwanawe Johnstone alikuja kulishika gita kwa mtindo wa babaye. Mwaka 2017 kampuni moja ya Marekani ilizikusanya nyimbo za Mukabi na kuzitoa upya katika santuri, wageni wakanunua kile ambacho mimi nilikicheka bure nyumbani kwetu.

Nilimwuliza yule mzee wa Musanda alijifunza wapi. Akanieleza kuwa hakufunzwa kwa maneno. Aliketi mbele ya waliomtangulia akatazama vidole vyao, kama yule mtoto wa chupa anavyotazama vyake sasa. Ukumbini walikuwa vijana wengi, lakini aliyetazama vidole ni huyo mmoja tu.

Niliporudi Mombasa nilikwenda kwa binamu zangu nikaliomba lile sanduku. Kinanda kimekufa zamani, na santuri mbili zimevunjika. Zilizobaki nilizifuta moja moja kwa kitambaa, kama alivyokuwa akifanya mwenyewe, kisha nikenda makaburini nikamsomea ami yangu Fatiha. Radhi ya Mukabi sina pa kuiombea, ila katika makala haya.