Denis Burkitt

Denis Parsons Burkitt (28 Februari 1911 – 23 Machi 1993) alikuwa daktari mpasuaji kutoka Eire ya Kaskazini. Anakumbukwa hasa kwa kueleza saratani ya watoto iliyopewa jina lake, limfoma ya Burkitt.

Alizaliwa Enniskillen, akasomea udaktari Dublin. Mwaka 1946 alianza kazi nchini Uganda. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, alikutana na watoto wenye uvimbe mkubwa wa taya. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari na wenzake wawili hadi Afrika Kusini, wakiulizia ugonjwa huo hospitalini njiani. Waligundua kwamba unapatikana zaidi penye joto na mvua nyingi, ambako pia kuna malaria nyingi. Aliwatibu watoto kwa dawa, na baadhi walipona kwa dozi chache tu. Aliondoka Uganda mwaka 1966.

Baadaye wataalamu walionyesha kwamba katika seli za uvimbe huo kipande cha kromosomu ya 8 huhamia kwenye kromosomu nyingine, mara nyingi ya 14. Badiliko hilo, ambalo mtoto harithi kwa wazazi, huichochea jeni ya MYC, na seli hugawanyika haraka mno. Kwa hiyo asiyetibiwa hufa upesi. Lakini kwa sababu hiyohiyo dawa zinazoua seli zinazogawanyika huupunguza uvimbe haraka.

Katika Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, wagonjwa kutoka mikoa kama Geita na Shinyanga hupelekwa hospitali ya Bugando, Mwanza. Kuwahi matibabu huongeza sana nafasi ya kupona.