"Student": Mpika Bia Aliyetuachia Hesabu

Ndugu zangu, kila aliyegusa takwimu chuoni amekutana na jaribio la t la "Student". Mimi kwa miaka mingi nilidhani ni mwanafunzi fulani tu. Kumbe jamaa alikuwa mpika bia!

Jina lake William Sealy Gosset. Alizaliwa Canterbury, Uingereza, mwaka 1876, akasoma hisabati na kemia Oxford. Mwaka 1899 akaajiriwa na Guinness kule Dublin, wapishi wa stauti, ile bia nyeusi yenye uchungu ambayo hata kwetu Nairobi na Kampala inajulikana.

Sasa shida ilikuwa hivi. Stauti lazima iwe na ladha ileile leo na kesho, wakati shayiri na hopsi, yaani yale maua yanayoipa bia uchungu, hubadilika kila msimu na kila shamba. Ulimi na pua peke yake havitoshi. Ukionja glasi mbili zikatofautiana, utajuaje kama tofauti ni ya kweli au ni bahati tu? Na kupima kila gunia haiwezekani. Vipimo vilikuwa vichache, na hesabu za wakati ule zilitaka vingi.

Gosset hakujifanya anajua. Mwaka 1906 alikwenda London kujifunza kwa Karl Pearson, bingwa wa takwimu. Mwaka 1908 akachapisha makala katika jarida la Biometrika, akionyesha wastani wa sampuli chache uaminiwe kwa kiasi gani. Kiwanda kililinda siri zake, hakikumruhusu kutumia jina lake, basi akajiita "Student". Baadaye R. A. Fisher akaieneza njia hiyo duniani. Gosset mwenyewe alibaki mtu wa Guinness mpaka alipofariki mwaka 1937, akiwa na miaka 61.

Mimi kazi yangu maabara ni kuvunja vipande vya zege. Mwezi uliopita vitatu vilitoa majibu mazuri, nikawa tayari kuandika kwamba mchanganyiko wangu ni bora kuliko wa kawaida. Nikapiga hesabu ya Student: ushahidi hautoshi. Iliniuma, bwana. Lakini siku moja kuna mtu atalala na watoto wake chini ya zege la namna hiyo. Nikarudi kuchanganya upya.

Kwa hiyo anayekunywa na asiyekunywa, sote tuna deni kwa mzee huyu.