SHAABAN ROBERT: KARANI ALIYEFASIRI KIINGEREZA CHA KALE

Mtahiniwa, wasifu huu unagusa maeneo matatu ya mtihani wako: fasihi andishi, sarufi na utungaji. Soma kwanza maisha ya mwandishi, kisha sehemu ya vitenzi, halafu jibu maswali yaliyopo mwishoni bila kutazama nyuma.

1. Kuzaliwa na elimu

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, Tanga. Wakati huo nchi ilitawaliwa na Wajerumani. Alipofikia umri wa kusoma, Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha na Tanganyika ilikuwa mikononi mwa Waingereza. Lugha ya mtawala ilikuwa imebadilika, lakini lugha ya nyumbani, sokoni na pwani nzima ilibaki kuwa Kiswahili.

Kati ya mwaka 1922 na 1926 alisoma Dar es Salaam, katika shule ya Msimbazi. Jina hilo leo wengi wanalijua kwa sababu ya mtaa mkubwa wa Kariakoo. Alihitimu na kupata cheti, na huo ndio ukawa mwisho wa masomo yake ya darasani. Hakusoma sekondari kama unavyosoma wewe, wala hakukanyaga chuo kikuu. Jambo hili likumbuke, kwa maana ndilo linaloipa uzito kazi aliyoifanya baadaye.

2. Kazi ya ukarani

Mwaka 1926 aliajiriwa na serikali ya kikoloni kuwa karani wa forodha, na alidumu katika idara hiyo hadi mwaka 1944. Baadaye alihamia idara ya wanyama, kisha ofisi ya serikali Tanga, na mwisho idara ya upimaji wa ardhi hadi alipostaafu mwaka 1960.

Katika utawala ule mishahara na vyeo vilifuata rangi ya mtu: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Karani Mwafrika aliweza kuandika barua nzuri kuliko bosi wake na bado akabaki chini. Shaaban Robert aliishi ndani ya mpango huo kwa zaidi ya miaka 30. Mchana aliandika hati za serikali, na saa zake nyingine alizitumia kuandika mashairi, insha na riwaya.

3. Kazi zake za fasihi

Kati ya vitabu vyake vinavyotajwa sana ni Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, na Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952. Aliandika pia Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, ambacho ni tawasifu kwa sababu anasimulia maisha yake mwenyewe, na Wasifu wa Siti binti Saad, ambacho ni wasifu kwa sababu anasimulia maisha ya mtu mwingine. Tofauti hiyo ya tawasifu na wasifu huulizwa mara kwa mara; ishike kwa mifano hii miwili.

Alitunga pia tenzi mbili za malezi. Utenzi wa Hati aliutunga kwa ajili ya binti yake, na Utenzi wa Adili kwa ajili ya mwanawe wa kiume.

4. Tafsiri ya Omar Khayyam

Mwaka 1952 kilitoka kitabu chake kiitwacho Omar Khayyam kwa Kiswahili. Omar Khayyam alikuwa mwanahisabati, mnajimu na mshairi wa Uajemi aliyefariki mwaka 1131. Mashairi yanayohusishwa naye ni mafupi, ya mishororo minne, hivyo msomaji wa Kiswahili anaweza kuyalinganisha na tarbia. Mwingereza Edward FitzGerald aliyatia katika Kiingereza na kuyachapa kwa mara ya kwanza mwaka 1859. Shaaban Robert alifasiri kutoka Kiingereza hicho.

Hapa ndipo ugumu ulipo. FitzGerald aliandika katika karne ya 19, lakini kwa makusudi alitumia Kiingereza kilichokuwa kimekwisha kuwa cha kale hata kwa Waingereza wa wakati wake. Karani wa Tanga, aliyezoea Kiingereza cha barua za ofisi, alikutana na vitenzi ambavyo havikuwamo katika hati yoyote ya forodha. Wakati huo wapo walioamini kwamba Kiswahili ni lugha ya amri na biashara tu, haiwezi kubeba mawazo mazito. Kama tafsiri ile ingeshindikana, wangepata ushahidi. Kitabu kilipotoka, mshairi wa Uajemi alisomeka katika lugha inayozungumzwa Kariakoo.

5. Vitenzi vya kale: mfano wa methinks

Katika matoleo ya baadaye ya FitzGerald limo neno methought. Hilo ni umbo la wakati uliopita la kitenzi methinks, ambacho ni miongoni mwa vitenzi adimu vya Kiingereza. Mwanafunzi wa fasihi ya Kiingereza hukutana nacho pia katika tamthiliya za Shakespeare.

Kitenzi hiki hakiambishwi kama vingine. Kina maumbo mawili tu:
(a) wakati uliopo: methinks;
(b) wakati uliopita: methought.

Hakina wakati ujao, hakina wingi, na hakitanguliwi na neno I. Sababu ni hii: asili yake si kitenzi cha kufikiri, bali kitenzi kingine cha Kiingereza cha zamani kilichokuwa na maana ya kuonekana. Vitenzi hivyo viwili vilikaribiana kwa sauti hadi vikachanganywa. Kwa hiyo silabi ya kwanza, me, haimtaji mtenda. Inamtaja mtu ambaye jambo linamwonekea.

Mzungumzaji wa Kiswahili ana bahati hapa, kwa sababu muundo huo anao. Tunasema inanibidi, yanipasa, inaniwia vigumu. Chambua kitenzi inaniwia:
i- ni kiambishi cha nafsi kisichorejelea mtu;
-na- ni njeo;
-ni- ni kiambishi cha mtendwa;
-wi- ni mzizi pamoja na kauli ya kutendea;
-a ni kiishio.

Kiambishi -ni- hapo kinafanya kazi ileile ya me katika methinks. Ndiyo maana ukiulizwa maana yake, jibu la karibu zaidi na muundo ni yanionekea kwamba. Katika matumizi ya kawaida, naona au nadhani yanatosha.

6. Nafsi ya pili ya umoja

Kiingereza cha leo kina neno moja, you, kwa mtu mmoja na kwa watu wengi. Kiingereza cha kale kilitenganisha: thou kilikuwa cha mtu mmoja, na kitenzi chake kilibadilika. Jifunze maumbo haya:
thou art (wewe ni, wewe u);
thou hast (wewe una);
thou dost (wewe unafanya);
thou wilt, thou shalt (maumbo ya wakati ujao au nia);
he hath, he doth (nafsi ya tatu umoja).

Mfasiri wa Kiswahili akiona thou hana shaka: anatumia u- ya wewe, hatumii m- ya ninyi. Kwa jambo hili Kiingereza cha kale kiko karibu na Kiswahili kuliko Kiingereza cha sasa.

Kiswahili nacho kina vitenzi vyake vya kale. Katika mashairi ya zamani ya pwani ya kaskazini utakutana na ulele kwa maana ya amelala, na usimeme kwa maana ya amesimama. Usiyaite makosa ya uchapaji. Ni maumbo ya lahaja yaliyoonyesha tendo lililokamilika, na washairi huyatumia hadi leo kama sehemu ya uhuru wa kishairi, pamoja na inkisari, mazida na tabdila.

7. Heshima na kifo

Shaaban Robert alikuwa mjumbe wa Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, na alipata Medali ya Margaret Wrong pamoja na nishani ya MBE ya Uingereza. Aliuona uhuru wa Tanganyika tarehe 9 Desemba 1961, lakini hakuuishi kwa muda mrefu. Alifariki Juni 1962 akiwa na umri wa miaka 53, akazikwa Machui, Tanga. Kufikirika kilichapwa mwaka 1967, na Utubora Mkulima mwaka 1968. Mwenyewe hakuvishika vikiwa vitabu.

Ukiwa Posta, jengo la Makumbusho ya Taifa lipo katika mtaa unaoitwa kwa jina lake. Mji ambao alimaliza masomo yake akiwa kijana wa miaka 17 sasa unamtaja kila siku.

8. Makosa ya kuepuka

(a) Usiandike I methinks wala methinked.
(b) Usitumie thou kwa watu wengi.
(c) Usiite Maisha Yangu wasifu, ni tawasifu.
(d) Usitaje tarehe nyingi katika insha bila kueleza umuhimu wake. Tarehe tatu zilizoelezwa vizuri zinatosha.

Maswali ya marudio

1. Eleza tofauti ya wasifu na tawasifu kwa kutumia kazi mbili za Shaaban Robert.
2. Chambua viambishi vya vitenzi hivi: inanibidi, yanipasa, imeniwia.
3. Kwa nini kitenzi methinks hakitanguliwi na I? Toa mfano wa muundo unaofanana nao katika Kiswahili.
4. Andika insha ya maneno 300 kuonyesha kuwa kazi ya ukarani haikumzuia Shaaban Robert kukikuza Kiswahili. Toa hoja nne.