Abdus Salam na Nyumba ya Trieste

Wanafunzi wa fizikia hapa Kigali wanaifahamu taasisi iliyo ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda, EAIFR kwa kifupi, inayosomesha vijana wa kanda yetu shahada ya uzamili na uzamivu. Ilianza mwaka 2018, chini ya mbawa za kituo kilichoko Trieste, Italia. Kituo hicho nacho kilitokana na upweke wa mwalimu mmoja.

Abdus Salam alizaliwa tarehe 29 Januari 1926, akakulia Jhang, mji mdogo wa Punjab ambao leo uko Pakistan. Alipokuwa na miaka 14 alivunja rekodi ya alama katika mtihani wa kuingia Chuo Kikuu cha Punjab. Mwaka 1946 alipata ufadhili wa kwenda Cambridge. Mwaka 1951 akarudi kufundisha Lahore, jina lake likiwa tayari linajulikana Ulaya. Huko hakukuta mtu wa kuzungumza naye utafiti, na kazi ya ziada aliyopewa chuoni ilikuwa kusimamia timu ya mpira! Mwaka 1954 akaondoka. Ilimbidi achague kati ya nchi yake na elimu yake, na uchungu huo haukumtoka.

Mwaka 1960, akiwa mjumbe wa Pakistan kwenye mkutano wa shirika la nishati ya atomiki huko Vienna, alipendekeza kijengwe kituo ambacho wanafizikia wa nchi maskini wangekitembelea na kurudi kwao. Kilifunguliwa Oktoba 1964.

Salam mwenyewe alikuwa bingwa wa chembe ndogo za maumbile, lakini kituo kilianza na semina ya plazima. Plazima ni gesi iliyopashwa moto mpaka elektroni zikaachana na atomi zake. Ikifika nyuzi milioni 100 na zaidi, viini vya hidrojeni nzito huungana na kutoa nishati. Hakuna chungu kinachohimili joto hilo, kwa hiyo plazima huzuiwa kwa nguvu ya sumaku isiguse kuta, ndani ya chombo chenye umbo la pete. Taabu ni kwamba joto halitulii. Hutoroka haraka kuliko hesabu za mwanzo zilivyoahidi.

Mwaka 1965 hadi 1966, Marshall Rosenbluth wa Marekani na Roald Sagdeev wa Umoja wa Kisovieti waliongoza utafiti wa plazima pale Trieste. Kumbukeni, hizo ni siku za Vita Baridi, na elimu hii ni jirani wa bomu la hidrojeni. Walitafuta pamoja namna mawimbi madogo yanavyozuka yenyewe ndani ya plazima na kukua kuwa msukosuko unaobeba joto nje. Baadaye kidogo Sagdeev na mwenzake Galeev walipiga hesabu ya upotevu unaotokana na kugongana kwa chembe peke yake. Katika chombo cha pete baadhi ya chembe hunaswa, na njia yake ikichorwa hufanana na ndizi. Ndivyo inavyoitwa mpaka leo, njia ya ndizi, na sisi wa nchi ya migomba hatuna kisingizio cha kuisahau. Hata hivyo joto linalopotea mashineni kwa kawaida huzidi hesabu hiyo. Ziada ni ya msukosuko, na kompyuta kubwa bado zinaufukuzia.

Salam hakupiga hesabu hizo. Yeye alitafuta fedha, akaandika barua, akawaweka watu chumba kimoja. Kwangu mimi hiyo ni kazi kubwa kuliko hata Nobel aliyoipata mwaka 1979 pamoja na Glashow na Weinberg, akaipokea Stockholm akiwa amevaa kilemba.

Kuna jambo hatuwezi kuliruka. Salam alikuwa wa Ahmadiyya. Mwaka 1974 Bunge la Pakistan lilibadili katiba na kuwahesabu kuwa si Waislamu, naye akajiuzulu ushauri wake wa sayansi serikalini. Kila msomaji ana msimamo wake juu ya itikadi hiyo, na ukurasa huu si wa kuijadili. Lakini uraia wa Pakistan hakuuacha. Alifariki Oxford tarehe 21 Novemba 1996, akarudishwa kuzikwa Rabwah, na baadaye neno Mwislamu likafutwa kwenye jiwe la kaburi lake. Mwaka 1997 kituo cha Trieste kilipewa jina lake.