Bob Pierce na Dola Tano

Mhubiri Bob Pierce alizaliwa Marekani mwaka 1914. Mwaka 1947, huko China, mmisionari alimkabidhi binti aliyepigwa na kufukuzwa na babaye kwa ajili ya imani. Pierce alitoa dola tano, za mwisho alizokuwa nazo, akaahidi kutuma nyingine kila mwezi. Mwaka 1950 alianzisha World Vision. Alizunguka makanisani akionyesha filamu za mateso ya Korea. Tangu 1953 watu walianza kufadhili yatima kwa mchango wa kila mwezi. Lakini safari zilimtenga na jamaa yake. Alijiuzulu 1967, akafariki 1978.

Sisi tunaopokea tuwaombee wanaojinyima kwa ajili yetu. Nasi tutoe kidogo tulicho nacho, bila kuwasahau wa nyumbani mwetu.