Siti binti Saad (karibu 1880–1950)

Alizaliwa Fumba, Unguja, akapewa jina la Mtumwa. Jina hilo lilikuwa na uzito. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria hadi 1897. Mama yake alikuwa mfinyanzi. Binti alitembeza vyungu akivinadi kwa kuimba, na watu wakaijua sauti kabla ya kumjua mwenyewe.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko akapata jina jipya, Siti, neno la Kiarabu lenye maana ya bibi mwenye heshima. Mtumwa akawa Bibi.

Mtahiniwa asimwite mwanzilishi wa taarabu. Taarabu ilikuwapo katika kasri tangu enzi za Sultani Barghash, ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti, ambaye hakusoma shule, aliiimba kwa Kiswahili, na hapo ndipo watu wa Ng'ambo walipoifanya yao. Aliimba mapenzi, lakini pia habari za mtaani. Wimbo wake "Kijiti" unahusu mwanamke aliyeuawa: mshtakiwa alitorokea bara, nao mashahidi wa kike wakafungwa. Wimbo huo uliwasema mahakimu waziwazi, jambo ambalo wachache wangethubutu wakati wa ukoloni.

Mwaka 1928 alikwenda na kundi lake Bombay, India, kurekodi santuri. Hizo ziliuzwa pwani yote.

Shaaban Robert alizungumza naye uzeeni, kisha akaandika Wasifu wa Siti binti Saad.